Mbao mbili na Kilimia
Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, nilitaka kupiga picha ya Kilimia, nyota zilizopewa jina kutokana na kulima. Lakini Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa: kamera ikitulia, nyota huwa mistari. Stendi ya mota inayofuata nyota ingemeza minervali yangu. Baba, seremala hapa Lubumbashi, akaunganisha mbao mbili kwa bawaba. Sentimita 22.9 kutoka bawaba akatia skrubu inayopanda milimita 1 kila mzunguko. Bawaba tukaielekeza kusini, tukaiinua digrii 12 hivi, kama latitudo yetu. Baba alihesabu sekunde. Mimi nikazungusha, mara moja kila dakika, dakika 3. Nyota zilitoka nukta. Minervali nikailipa.