Chakula cha London na Barua za Nyumbani

Karani mmoja wa Serikali, mtu wa milima ya Ukambani karibu na Machakos, alichaguliwa mwaka 1959 kwenda Uingereza kujifunza kazi za utawala wa wilaya kwa muda wa mwaka mmoja. Alikuwa na mke na watoto watatu, tena mdogo wake alikuwa katika shule ya misioni, na ada yake ilitoka katika mshahara wa karani huyo. Siku ya kuondoka wazee walimpa baraka na maonyo mengi. Mama yake alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko utakula nini?"

Swali hilo alilicheka wakati ule. Alipanda gari la moshi mpaka Mombasa, na huko akaingia melini. Safari ilipita Aden, mfereji wa Suez, Port Said na Gibraltar, na siku zote hizo za baharini chakula kilikuwa tele. Taabu ilikuwa visu na nyuma. Shuleni alifundishwa kutumia kisu kimoja na uma mmoja. Hapa mezani vilipangwa kama vyombo vya fundi seremala. Basi akachagua mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa meza ya mbele, akamfuata katika kila jambo. Mzee akishika kijiko cha mviringo, naye alishika cha mviringo. Siku moja mzee aliangusha uma wake sakafuni, na karani karibu auangushe na wake.

Huko London alipata chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane. Asubuhi alipewa mkate, yai na chai, na mchana alikula chuoni. Jioni ilikuwa juu yake mwenyewe. Hapo ndipo swali la mama yake lilipomrudia. Posho yake haikuwa ndogo kwa mtu anayejitunza peke yake, lakini kila mwezi alipeleka pauni nne nyumbani, na chumbani mwake kulikuwa na kisanduku cha gesi kilichotaka shilingi kabla ya kutoa moto. Shilingi ya Uingereza na shilingi ya Afrika ya Mashariki zilikuwa na thamani moja siku zile, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi mno kwake: kila alipoitumbukiza shilingi katika kisanduku kile aliiona kama shilingi iliyotoka mkononi mwa mdogo wake.

Kwa hiyo jioni nyingi alikula samaki na viazi vya kukaanga. Chakula hiki ndicho cha watu wa kazi wa Uingereza, na ni kitamu kweli. Samaki huvikwa unga uliokorogwa, akatumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Kisha hunyunyiziwa chumvi na siki. Wakati ule hufungwa katika gazeti kuukuu. Yeye aliyefundishwa na wamisioni kwamba muungwana hali njiani, alikwenda akila chini ya taa za barabarani, kwa vidole, gazeti likimpasha mikono moto. Mara nyingine alipomaliza alisoma habari zilizobaki katikati ya mafuta.

Si kwamba hakujaribu hoteli za kukalia. Jioni moja ya mvua aliingia katika hoteli moja ndogo, akavua kofia, akakaa. Watu waliokuja baada yake waliletewa chakula, wakala, wakalipa, wakaenda zao. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwambia neno. Baada ya nusu saa alivaa kofia yake akatoka. Sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo katika hoteli za Uingereza ilipitishwa mwaka 1965. Yeye alikuwa amekwisha rudi kwao zamani.

Usiku uleule, akitembea bila kujua aendako, alinusa bizari na kitunguu kinachokaangwa. Ilikuwa harufu ya maduka ya Wahindi wa Machakos. Aliifuata hata akafika mlango mwembamba, na mle ndani mtumishi wa meza, mtu wa Sylhet aliyekuwa baharia zamani, alimtazama akamwuliza: "Jambo, Mombasa?" Maneno yake ya Kiswahili hayakuzidi kumi, yote ya bandarini, lakini alimletea wali, mchuzi na chapati, akaketi naye mezani, kwa maana hapakuwa na wageni wengine. Karani alisema baadaye kwamba hakumbuki bei ya chakula kile. Kwa mtu wa tabia yake, aliyeandika kila peni katika daftari, hilo ni jambo la kushangaza.

Hata hivyo, habari hizi zote hazikuandikwa katika barua. Barua zake zilisomwa na mwalimu chini ya mwembe, mbele ya jamaa na majirani, naye mwalimu akizigeuza kwa Kikamba sentensi baada ya sentensi. Angewezaje kuandika kwamba mtoto wao aliyevalishwa suti anakula njiani kutoka gazetini? Mwisho wa mwaka walimu wa chuo waliwapeleka wanafunzi wote katika moja ya zile Lyons Corner House zilizokuwa na sifa wakati ule: ghorofa juu ya ghorofa, muziki ukipigwa, wasichana watumishi wamevaa nguo nyeusi na aproni nyeupe. Waliletewa supu, nyama ya ng'ombe, viazi, kabichi iliyochemshwa kwa maji matupu, na mwisho kitu kitamu kilichomiminiwa kastadi ya manjano. Ilikuwa mara moja. Lakini aliporudi chumbani hakuandika, "Tulikula hivi." Aliandika, "Hapa sisi hula hivi." Uongo wote ulikaa katika silabi moja.

Jibu la baba yake lilifika baada ya majuma matatu. Wamefurahi sana, alisema, kwamba anakula nyama kila jioni na kupigiwa muziki. Nyumbani mahindi ni haba msimu huu, na mtoto wa shangazi yake naye amepata nafasi shuleni. Bila shaka mtu mwenye neema ile atamkumbuka. Karani alisoma barua hiyo mara mbili. Mwezi wa nne alipeleka pauni tano badala ya nne, na jioni zake zikawa mkate na chai, wala gesi haikuwashwa mara nyingi.

Alirudi mwaka 1960. Kutoka stesheni ya Konza alichukuliwa na lori la jirani, na kufika nyumbani alikuta watu wamejaa. Chini ya mwembe, pale pale barua zake zilipokuwa zikisomwa, palikuwa na meza iliyoazimwa shuleni, imetandikwa kitambaa cheupe, na kiti kimoja. Juu yake kisu na uma, nyama, viazi, na kabichi iliyochemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, kama barua ilivyosema. Mbuzi wawili walikuwa wameuzwa kwa ajili ya mambo hayo. Baba yake na wanaume wengine walikaa kando kwenye viti vyao vya miguu mitatu wakizunguka chungu cha muthokoi na maharagwe, kwa maana waliona si adabu kumsongamania mtu aliyezoea kula namna nyingine.

Alikaa mezani peke yake. Alikula tonge tatu za kabichi, watu wote wakimtazama. Kisha akaweka uma chini.

"Baba," alisema, "chakula hiki nilikula siku moja tu."

Akawaeleza: samaki, gazeti, taa za barabarani, hata hoteli ile ya mvua.

"Ulikula njiani?" baba yake aliuliza. "Kwa mikono?"

"Kwa mikono, Baba."

Mzee alicheka hata ugoro ukamwagika, na wengine wakacheka pamoja naye. Kwa mguu wake alisukuma kiti kimoja kitupu karibu na chungu.

Mama yake hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya meza akifukuza nzi kwa kitambaa.

"Na mwezi ule ulipoleta pauni tano," alisema, "ulikula nini?"

"Mkate, Mama. Na chai."

Mama alichukua sahani ya kabichi akaenda nayo jikoni, na alikawia kidogo huko kabla ya kurudi na bakuli ya muthokoi.