Mkaa Uliotusomesha

Sisi ni watoto watano wa mama mmoja, na sote tumesomeshwa na mkaa. Baba yetu alipofariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, mama aliweka banda kando ya Barabara ya Kilwa, Mbagala, akawa anapokea magunia kutoka Rufiji na kuyauza kwa kopo na kwa ndoo. Ada, sare, madaftari na futari ya Ramadhani, vyote vilitoka katika banda lile. Twayasema haya ili msomaji ajue kwamba hatuwadharau wanaoishi kwa mkaa.

Mwaka jana kifua cha mama kilianza kumsumbua, na daktari akamkataza moshi na vumbi. Tulikutana nyumbani kwake baada ya sala ya Magharibi, tukampelekea mtungi wa gesi na jiko lake, kisha tukamwomba alifunge banda. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wanangu, jiko nimelipokea, Mungu awalipe. Lakini mkaa huu mnaoukimbia ndio uliowavisha sare. Nikifunga banda nitakula nini, na hao wanaoniletea magunia watakula nini?"

Hatukuwa na jibu.

Swali la mama ndilo linaloyakabili mataifa. Nchi nyingi zimeahidi kufikia kile kinachoitwa sifuri halisi, yaani nchi isitoe hewa ya ukaa zaidi ya ile inayofyonzwa na misitu na njia nyinginezo. Uingereza iliiandika ahadi hiyo katika sheria mwaka 2019, ikijipa muda hadi 2050; Oman nayo imelenga mwaka huo huo. Nchi yetu, ambayo mchango wake katika kuichafua anga ya dunia ni mdogo sana, haina budi kuanzia jikoni. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Faida zake hazina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaoinamia majiko hayo ni mama zetu na dada zetu. Ipo pia faida ya maji. Mto Rufiji, ambao kandokando yake yalitoka magunia yetu, leo unaleta umeme: Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Bwawa hilo hulishwa na mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na vyanzo vya mito hiyo hulindwa na misitu. Misitu hiyo ikiteketea katika matanuri ya mkaa, hata taa za Mbagala zitakuwa mashakani.

Lakini gharama nazo zipo. Wateja wa mama walikuwa wakija na shilingi 1,000, wakaondoka na mkaa wa kupikia mlo wa jioni. Kuujaza mtungi wa gesi kwahitaji fedha nyingi zaidi kwa mkupuo, na kibarua anayelipwa kwa siku hana fedha hiyo mkononi. Wala gesi yenyewe si safi kabisa: nayo hutoa hewa ya ukaa, na huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Zaidi ya yote, faida ya mabadiliko haya huja polepole na kuwaenea watu wote, ilhali hasara humwangukia mtu mmoja kwa siku moja.

Tulichanga kwa miezi minane. Leo banda limepakwa rangi, nalo lauza mitungi ya gesi, mchele na sukari. Kikohozi cha mama kimepungua, alhamdulillahi, ingawa faida ya biashara haijafikia ile ya zamani.

Lakini mama ana watoto watano wenye mishahara. Mchoma mkaa wa kule Rufiji ana nani? Mzee aliyekuwa akimletea magunia bado humpigia simu kumuuliza kama soko limerudi. Mama humjibu kwa salamu na dua, kisha hukaa kimya kwa muda mrefu.

Twaunga mkono safari hii, kwa kuwa tumemsikia mama akipumua bila taabu. Ila twaomba wanaoipigia hesabu, serikalini na majumbani, wasiandike upande wa faida peke yake. Mzee yule naye aandikwe, na atafutiwe mtaji, au ardhi, au kazi ya kuulinda msitu anaoufahamu kuliko sisi sote. Hesabu isiyomtaja bado haijafungwa.