Behewa Lisilo na Mnunuzi

Niliingia Chicago mapema miaka ya 1960, mwanafunzi kutoka Kenya, na shida ya ada ikanifanya karani wa usiku kwenye yadi ya reli. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari za barafu iliyopoza mabehewa ya mboga na matunda. Barafu ilikuwa na wenyewe: walipanda juu ya mabehewa, wakafungua vifuniko vya paa na kushindilia mabonge. Behewa moja lilimeza karibu tani 5, na njiani likaongezewa kila barafu ilipopungua. Lakini kwa niliyoyaona, saladi za Salinas, California, zilipona au ziliharibika mezani, kwenye karatasi.

Chanzo cha makaratasi hayo kilikuwa ramani ya reli. Kampuni kubwa za magharibi, kama Santa Fe na Chicago & North Western, ziliishia Chicago; za mashariki, kama New York Central na Pennsylvania, zilianzia hapo. Kila behewa lilipaswa kukabidhiwa. Kulipitisha katikati ya mji, penye msongamano wa njia na treni za abiria, kulikuwa kuliacha lioze. Basi mzigo ulizungushwa: kutoka yadi ya Proviso, magharibi mwa mji, ukashika reli ya Indiana Harbor Belt, ukapita Blue Island hadi upande wa Indiana. Njia ndefu ndiyo iliyofika mapema.

Ujanja huo ni wa zamani. Gustavus Swift, mfanyabiashara wa nyama, alipotaka kupeleka nyama mashariki kwa mabehewa ya baridi, miaka ya 1870 na 1880, kampuni zilizofaidi kusafirisha ng'ombe hai zilimkatalia. Akaenda kwa Grand Trunk, reli iliyopitia Michigan na Kanada na isiyokuwa na biashara kubwa ya ng'ombe. Nyama ikafika.

Kilichonistaajabisha zaidi ni kwamba mabehewa mengi ya rangi ya chungwa ya Pacific Fruit Express, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, yaliondoka California bila mnunuzi. Safari inaendelea, madalali wanauza kwa simu. Usiku simu inalia: behewa lililoandikiwa New York sasa liende Cleveland. Kama treni haijapangwa, nabadilisha hati, yamekwisha. Kama limeshafungwa katikati ya treni, namkimbilia msimamizi wa yadi, naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuza. Kulitoa ni kuyachelewesha mengine. Kuliacha ni kulipeleka kusikotakiwa. Wasimamizi wazuri waliuliza kwanza limebeba nini. Viazi na vitunguu huvumilia. Stroberi hazina subira. Ndizi zilizotoka New Orleans kwa reli ya Illinois Central zilikuwa na vituko vyake: kwenye baridi kali zilihitaji kupashwa joto. Mimi, mtoto wa migombani, nilicheka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabehewa yenye mashine za kupoza yalikuwa yameishinda barafu, na mwaka 1978 Pacific Fruit Express ikavunjwa. Mboga nyingi zilikuwa zimeshahamia barabarani. Wapo wanaolaumu barabara kuu zilizojengwa na serikali, na wana hoja. Mimi nasema lori lilishinda kwa sababu halikuwa na makabidhiano: dereva mmoja alishika mzigo na hati zake tangu shambani hadi sokoni, na dalali akibadili nia, dereva alipewa mji mpya kwa simu ya kituo cha mafuta, akakata kona.