Tulitafuta majoka hapa hapa Lweba

Wamama wenzangu, likizo kubwa ikifika watoto hukaa nyumbani miezi miwili, na kila mama anajua maana yake. Mwaka huu wangu walipewa kazi kutoka Ufaransa. Dada yangu anayeishi kule alitutumia video: alikuwa amepeleka watoto wake Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1992. Chini ya ngome yake kuna pango, na ndani ya pango joka limefungwa minyororo. Ni la mashine tu, lakini linalala, linaamka, linatoa moshi puani. Watoto wa dada yangu hawakutosheka na hilo. Walizunguka bustani nzima na hoteli wakitafuta majoka mengine, yaliyochorwa na yaliyochongwa, wakiyahesabu. Wangu walitazama hiyo video mpaka simu ikaisha moto. Ndipo wa pili akauliza: “Mama, Lweba hakuna hata moja?”

Mimi ni mwalimu, hata likizo haiwezi kuniponya. Niliwaambia kwanza neno lenyewe lilipotoka. Nyumba ikikuzwa inakuwa jumba, nyoka akikuzwa anakuwa joka. Basi tutafute kila kitu cha magamba, kilichochorwa au kilicho hai, na tukiandike ndani ya daftari. Nikaweka sharti moja: kinachoandikwa ni kile ulichokiona kwa macho yako. Atakayekuja na “nimesikia” au “wanasema” hapati kitu. Kufikia saa tatu asubuhi watoto wa majirani walikuwa wamejiunga, wakawa tisa.

La kwanza lilipatikana bila kutoka nje. Lilikuwa kwenye termosi yetu ya chai, ile inayotoka China, joka la dhahabu limejizungusha toka chini hadi kwenye mfuniko. Kwa Wachina joka si adui. Ndilo linaloleta mvua, na zamani lile lenye kucha tano lilikuwa alama ya mfalme mkuu peke yake. Watoto walihesabu kucha za la kwetu wakakuta nne, wakasikitika kidogo. La pili lilikuwa kwenye shati la mtumba la mtoto wa jirani, linatema moto. Hilo ni la Ulaya. Msichana mmoja akaleta Biblia ya mama yake, Ufunuo sura ya 12, joka jekundu la vichwa saba na pembe kumi. Je, hilo limeonwa kwa macho? Walibishana mpaka nikaona nitoe hukumu: aliyeliona ni Yohana, sisi tumeona maandishi tu. Tuliandika nusu.

Kisha tukashuka ziwani.

Asubuhi kule kwetu mnaijua: ndakala zimetandazwa juu ya mchanga, wanawake wanageuza, mitumbwi inavutwa, na ng'ambo ya maji milima ya Ubwari inaonekana hewa ikiwa safi. Papa mmoja mvuvi alitusikia tunatafuta nini, akacheka, akatuita tusogee lakini tusiguse. Kwenye wavu wake kulikuwa na nyoka mkubwa, kahawia, ana mikanda myeusi shingoni. Alikuwa amefuata samaki akanaswa. Huyo ni swila wa majini. Anakula samaki, anazamia kama sisi tunavyotembea, na mara nyingi ukimkuta hukimbia kuliko kuuma, ingawa sumu yake inaua. Huyu wa Tanganyika wataalamu walimpa jina la Storms, askari Mbelgiji aliyekaa Mpala, kusini mwetu, kati ya mwaka 1883 na 1885. Mvuvi alisema babu yake alikuwa akimtoa huyo nyoka kwenye nyavu bila kumwuliza Mbelgiji yeyote jina. Alikata nyuzi mbili za wavu, nyoka akaingia majini, na mkubwa wangu akaandika: “Joka la tatu, la kweli, liko hai.”

Mamba sikuwaruhusu wamtafute. Hapo mchezo ulisimama na nikazungumza kama mama. Mamba yumo ziwani na kwenye midomo ya mito, kila mtu Lweba anajua. Wakubwa wenu mmesikia habari za Gustave, yule wa upande wa Ruzizi na Bujumbura, aliyekadiriwa kufika mita 6. Mfaransa Patrice Faye alimtengenezea mtego wa chuma mkubwa kama nyumba, filamu yake ikatoka mwaka 2004, na mamba hakuingia. Huyo naye tulimwacha nje ya daftari, maana kati yetu hakuna aliyemwona. Lakini niliwaambia hivi, nanyi nawaomba muwaambie wenu: mamba hushambulia anayeinama ukingoni. Usichote maji peke yako. Mmoja achote, mwingine asimame aangalie maji. Usiende giza limeingia. Usikubali kuchota kwenye majani marefu hata kama foleni ya penye mchanga ni ndefu. Na ziwa linapopanda, kama tulivyoliona mwaka 2024 maji yalipoingia nyumba za Uvira na Baraka, mahali palipokuwa salama mwaka jana pasihesabiwe kuwa salama tena.

Tuliporudi ndipo mvulana mmoja, wa miaka minane hivi, aliponivuta nguo. “Madamu, mimi najua joka la kweli liko wapi. Liko kwa koko.” Wenzake wakanyamaza. Sikupenda ukimya ule.

Koko huyo ni mjane, anakaa peke yake mwisho wa mtaa, nyuma ya nyumba yake kuna kichuguu kirefu kuliko mtu. Mwezi wa tatu mtoto mmoja wa mtaa alikufa kwa homa. Tangu hapo maneno yalianza kutembea, kwanza kisimani, halafu sokoni, kwamba kwa yule mama kunaingia mnyama usiku na mchana, na si mnyama wa kawaida, bali anatumwa. Vijana wawili walikuwa wameanza kusema mbele za watu kwamba kichuguu kichomwe. Na tunajua, wamama, neno la namna hiyo likianza kwa kichuguu haliishii kwenye kichuguu. Habari zilizotoka Kalehe mwaka 2021, za wanawake waliouawa kwa kuitwa wachawi, zilitufikia sote. Wengi wao walikuwa mama za watu kama huyu.

Nilimwuliza yule mvulana: “Umeliona kwa macho?” Akasema hapana, wanasema. Nikasema basi twende tukaone.

Koko alikuwa anapeta mchele. Tulimsalimu, nikamweleza tunachofanya, wala sikumficha wanachosema. Alikaa kimya kitambo, ungo mapajani. Kisha akasema, “Mnyama yupo. Amenimalizia mayai ya kuku. Nimemwambia nyumbakumi mara mbili, hakuna anayekuja.” Akatupeleka nyuma ya jiko, akatuonyesha tukae wapi.

Tulingoja karibu nusu saa. Watoto tisa kukaa kimya nusu saa, darasani sijawahi kupata. Halafu akatoka kwenye majani ya upande wa mto, taratibu, ulimi wa panda ukitoka na kuingia, mkia mrefu kuliko mwili. Kenge. Wa karibu mita moja na nusu, kwa makadirio yangu. Alizunguka kichuguu, akakwaruza upande mmoja, akatusikia, akaondoka mbio zisizolingana na unene wake.

Kenge ndiye mjusi mrefu kuliko wote wa Afrika, anaweza kufika mita 2. Anapenda maji, anakula kaa, samaki na vyura, na mayai popote anapoyapata. Kuku wa koko wanalala chini, kwenye kibanda bila mlango. Na kichuguu ndicho hasa anachokitafuta. Mvua ikikilainisha, jike hukichimba na kutaga humo mayai mengi, hata makumi. Mchwa wenyewe huziba tundu, na joto la ndani hulea mayai kwa miezi mingi, mpaka mvua nyingine ilainishe udongo watoto watoke. Anayemleta pale ni kichuguu na mayai ya kuku. Hakutumwa na mtu.

Niliwaambia pia kwamba huko visiwani Indonesia kuna ndugu yake, anafika mita 3, na Wazungu walipomwona hawakupata jina lingine ila joka: joka la Komodo. Basi tuna haki ya kuandika. Yule mvulana wa miaka minane ndiye aliyepewa kalamu. Aliandika: “Joka la nne. Kenge wa kwa koko. Anaiba mayai.”

Jioni nilimfuata nyumbakumi, nikiwa na watoto watatu na daftari. Kesho yake alikuja mwenyewe, akakaa tulipokaa, akaona. Aliwaita wale vijana wawili. Sitasema maneno yameisha mtaani. Kuna mama mmoja bado anavuka barabara akikutana na koko. Lakini wale vijana wamempigilia koko mlango wa mbao kwenye kibanda cha kuku, na watoto hupita pale wakitoka kuchota maji, humwuliza kama kenge amekuja.

Sasa wanangoja mvua. Koko ameahidi kutuma mtu kutuita kama vikenge vikianza kutoka kwenye kichuguu, ila amesema tusije wote tisa, kuku wake wana woga.