Nilikisoma Hadi Mwisho

Naungama kwamba nilisema uongo mbele ya ukoo, na uongo huo ulimwondoa kijana nyumbani kwangu Bunda. Nilisema kitabu alichokuwa akisoma mpwa wangu ni uchafu. Nilikuwa nimekisoma chote, usiku kucha, na nilijua hakikuwa hivyo.

Ilikuwa riwaya ya Kiingereza, karatasi alizochapisha steshenari Musoma na kuzishona kwa uzi. Mpelelezi na mwalimu wa muziki aliyeshuhudia mauaji bandarini. Wote wanaume, na wanapendana. Nilianza kuisoma kwa hasira, nikitafuta ukurasa wa kumwonyesha dada yangu. Sikuupata. Hamna kitanda mle. Kuna mahali wamekaa jikoni, mwalimu anamshonea mwenzake kifungo cha koti, na wote wanajua kwamba alfajiri mwenye koti anakwenda kukutana na muuaji. Anakaza uzi, anaukata kwa meno, anamrudishia koti lake. Basi. Jogoo walipoanza kuwika sikuwa natafuta ushahidi tena. Nilitaka kujua kama atarudi.

Mimi ni mtu wa riwaya za upelelezi tangu utoto. Nilianza na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, nikaja kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, nikamalizia kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili niliwaazima wanafunzi vitabu hivyo bila wasiwasi. Gamba anaua, anabadilisha wanawake, na hakuna mzazi aliyewahi kuja kunilalamikia. Ila mapenzi kwa Gamba ni mapumziko kati ya risasi na risasi. Katika zile karatasi mapenzi ndiyo hofu yenyewe. Mmoja akipotea, mwenzake hawezi hata kwenda kituoni akaeleza anamtafuta kama nani. Taharuki yote imetoka hapo, na sijaona wengi walioijenga vizuri namna ile.

Halafu kuna utamu wake, ambao ndio ulionishika zaidi. Msomaji wa hadithi za watu kama wale amezoea kuwaona wakiishia kaburini au gerezani, kwa hiyo kila sura wanayoimaliza wakiwa hai anaipokea kwa shukrani. E. M. Forster aliliona hilo zamani. Aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914, akakataa kuwapa wapenzi wake mwisho mbaya, na kitabu kikatoka 1971, yeye akiwa ameshafariki. Jirani zetu wa Kenya walipoipiga marufuku filamu ya Rafiki mwaka 2018, mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alikuwa ametakiwa kuubadilisha mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Kilichosumbua ni yale matumaini.

Nami nilikuwa na sababu ya kuyaelewa mapenzi ya namna hii mapema kuliko wengi. Miaka na miaka nimefundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Mfanyabiashara Antonio anaweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake ili rafiki yake Bassanio apate fedha za kwenda kuposa, na mbele ya mahakama yuko tayari kufa kwa ajili yake. Sisemi Mwalimu alikusudia jambo fulani. Nasema darasa langu lilikuwa likinyamaza pale kisu kinaponolewa, nami koo linanikaba, na hakuna aliyeona aibu kuguswa na mwanamume anayempenda mwanamume kiasi hicho.

Kikao cha ukoo kilikaliwa Butiama, kwa kaka yetu mkubwa. Nilizungumza kwa sauti ya mwalimu. Nikataja hadi kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu na kifungo cha maisha, kana kwamba kusoma ni kosa. Kijana aliniuliza kwa adabu, "Mjomba, umekisoma?" Nikamjibu kwamba sina haja. Nikazichoma zile karatasi uani, wazee wakitazama.

Niliogopa. Kama ningesema hakuna uchafu, wangeniuliza nimejuaje, na jibu lilikuwa kwamba nimekimaliza na nimekipenda. Nikaona bora aibu imwangukie yeye. Hata sikuwa na haki ya kudhani lolote juu yake. Mtu husoma anachokipenda, na sikuwahi kumuuliza.

Alihamia Mwanza. Hivi karibuni nilipanda basi hadi Musoma, nikamweleza dada yangu ukweli wote. Hakunifokea. Alisema nimpigie mwenyewe, kwa kuwa aliyemsema mbele za watu ni mimi, na kwamba nikimaliza hapo niende Butiama nikaseme hivyo hivyo kwa kaka. Butiama sijaenda bado. Nitakwenda.

Nilipompigia, mpwa wangu alipokea simu. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia nilikisoma chote, kwamba hakikuwa na uchafu na kwamba nilidanganya. Akanyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama mpelelezi alirudi kutoka bandarini, maana nilipokichoma alikuwa hajafika mwisho.

Nikamsimulia.