Wiki Nane za Malezi: Mbwa Wakubwa wa Endabash

Ukitoka mji wa Karatu na kushika njia ya kusini, unaiacha barabara ya lami inayowapeleka wageni Ngorongoro na kuingia katika nchi ya mashamba. Mahindi, maharage na mbaazi hufuatana hadi Endabash. Upande wa mashariki ardhi inapanda mpaka msitu wa Marang, na nyuma ya msitu huo ukingo wa Bonde la Ufa unaporomoka kuelekea Ziwa Manyara. Upande wa magharibi nchi inateremka hadi bonde la Ziwa Eyasi. Wakazi wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji kwa pamoja. Karibu kila boma lina ng'ombe wachache, mbuzi, kondoo, na mbwa.

Mgeni anayelala hapa kwa mara ya kwanza huuliza asubuhi kwa nini mbwa hawakunyamaza usiku kucha. Hujibiwa kwa neno moja: fisi. Zamani katika nyumba za asili za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, mifugo ililala ndani pamoja na watu. Siku hizi tunajenga nyumba za matofali na mabati, na mbuzi hulala nje katika zizi lao. Nyumba imekuwa safi zaidi na mapafu ya watoto yamepata nafuu ya moshi na vumbi. Lakini zizi lililo nje linahitaji mlinzi, na ndiyo maana mbwa amepata cheo kipya katika boma.

Mbwa wetu wa kienyeji ni hodari, na chakula kidogo kinamtosha. Hata hivyo familia nyingi sasa zinatamani mbwa mkubwa, mwenye damu ya wale wanaotumiwa na polisi, ambaye fisi akimwona anafikiri mara mbili. Nyumbani kwetu tumefuga majike wa namna hiyo, waliochanganyika na wa kienyeji, na kulea watoto wao. Akina mama wenzetu huuliza jinsi tunavyofanya. Tunaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kazi ya mbwa ni ya wanaume na vijana peke yao. Kwa kweli mbwa hupata tabia yake katika wiki nane za kwanza, na wiki hizo hupita karibu na jiko, mikononi mwa mama na watoto.

Kabla ya mimba

Jike hupata joto karibu kila miezi sita. Mbwa mkubwa anaweza kupata mimba kabla mwili wake haujakomaa. Mifupa yake inaweza kuendelea kukua hadi umri wa mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo hatumpeleki kwa dume kabla hajafikisha umri wa karibu miaka miwili, wala hatumzalishi kila anapopata joto. Katika majuma yale matatu ya joto hufungiwa katika banda lenye mlango imara, kwa sababu madume ya kijiji kizima huja kupiga kambi.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Tunaandika tarehe ukutani kama tunavyoandika tarehe ya ng'ombe. Katika majuma ya mwisho jike huongezewa chakula: ugali wa dona, dagaa, maziwa ya mgando, na nyama ikipatikana. Ndugu wanaokaa bonde la Eyasi, huko Mang'ola ambako vitunguu hulimwa kwa wingi, tunawakumbusha wasimpe mbwa mabaki ya mboga yenye vitunguu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na kumletea upungufu wa damu.

Chumba cha uzazi

Endabash kuna baridi, na mwezi Julai baridi hiyo ndiyo adui wa kwanza. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni, hasikii, na hawezi kujipasha joto mwenyewe. Katika juma la kwanza anahitaji mahali penye joto la karibu nyuzi 30. Sisi hutenga pembe ya banda isiyopigwa na upepo, tukatandika majani makavu, na juu yake magunia safi yanayobadilishwa kila siku.

Jike mkubwa anaweza kuzaa watoto wanane, hata kumi, na uzito wake wenyewe ni hatari kwao. Akigeuka kulala humbana mtoto ukutani bila kujua. Kwa hiyo tunapigilia miti ya mkaratusi kuzunguka kuta, ikiwa imeinuka kidogo kutoka sakafuni na kuachana na ukuta, ili mtoto aliyebanwa apate upenyo wa kupita chini yake.

Wakati wa kuzaa tunakaa mbali kidogo na kutazama. Jike mwenye afya hupasua mfuko, hukata kitovu na kumlamba mtoto mpaka alie. Tunahesabu watoto, na tunahesabu makondo. Akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, tunamwita bwana mifugo, wala hatungoji asubuhi.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunalijua jambo moja kutoka wodi ya wazazi, nalo ni lile lile bandani: mtoto aliyepoa hanyonyi. Akina mama wengi wakiona mtoto mnyonge hukimbilia kumnywesha maziwa. Aliyepoa hawezi kuyasaga, na yanaweza kumwingia mapafuni. Kwanza apashwe joto taratibu, ndani ya khanga kifuani pa mtu, kama tunavyofanya kwa mtoto njiti. Akishapata joto ndipo awekwe kwenye chuchu. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ayapate katika siku yake ya kwanza, maana humo mna kinga anayorithi kwa mama yake.

Kila jioni watoto hupimwa kwa mzani mdogo. Mtoto wa mbwa mkubwa huzaliwa na karibu nusu kilo, na anatakiwa kuongeza uzito mara mbili kabla ya siku kumi hivi kupita. Asiyeongezeka huwekwa kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi zina maziwa mengi. Wasichana wa nyumbani ndio wanaoandika daftari hilo, na wamejifunza hesabu nyingi humo.

Macho yakifumbuka

Kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne macho hufumbuka. Juma la tatu masikio husikia, na mtoto huanza kusimama na kujaribu kubweka. Tangu juma la nne tunawapa uji mwepesi wa maziwa, kisha ugali laini wenye dagaa waliosagwa.

Wakati huo huo tunapambana na minyoo. Watoto wa mbwa huipata kwa mama yao tangu tumboni na kwa njia ya maziwa, kwa hiyo wakifikisha majuma mawili hupewa dawa kwa kipimo cha bwana mifugo, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili. Mama yao hupewa pia. Hili si jambo la mbwa tu. Mayai ya minyoo hiyo hubaki udongoni, na mtoto wa binadamu anayecheza hapo huyala. Kinyesi cha mbwa kifukiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Siku ya kuchinja, mbwa wasitupiwe maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji. Humo mna tegu ambaye baadaye huweza kumletea mtu uvimbe kama huo ini mwake.

Kuanzia juma la tatu hadi karibu la kumi na mbili ndipo mbwa anapojifunza nani ni wa kwake. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund huzalisha mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki na kuwapa wafugaji wawalinde mbuzi dhidi ya duma na chui. Wengine waliletwa hapa Tanzania, kwa wafugaji walio jirani na Hifadhi ya Ruaha. Siri yao si ukali. Watoto hao hulelewa kati ya mbuzi tangu wadogo, mpaka wanawaona mbuzi kuwa ndugu zao.

Nasi tumeifuata njia hiyo. Banda letu limepakana na zizi. Watoto wa mbwa hunusa mbuzi kila siku, hushikwa na watoto wetu kwa upole, na huzoea wageni. Boma la Mkristo linapokea watu wengi: mwinjilisti, mjane anayeomba debe la mahindi, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Mbwa anayemrarua mjane getini anaufanya ukarimu wetu kuwa maneno matupu. Tunataka mbwa anayebweka usiku kwa fisi na kujua mchana jinsi ya kulala kimya mgeni akishakaribishwa. Mbwa wa namna hiyo hapatikani kwa kumfunga mnyororo tangu utoto, wala kwa kumpiga.

Na majike je?

Wanaokuja kuomba mbwa karibu wote hutaka madume. Majike huachwa, na mahali pengi hutupwa porini kabla ya kufumbua macho. Wachache wanaookoka hukua bila mwenyewe, huzaa vichakani, na watoto wao hawajui mkono wa mtu wala sindano ya chanjo.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumponya. Ili ugonjwa uzimike, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa. Lakini chanjo ya mwaka jana haimlindi mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwaka huu. Kila uzao usiochanjwa unaufungua tena mlango tuliokwisha kuufunga.

Majirani zetu wa mbugani wameuonja uchungu huo. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa virusi vya mbwa, uitwao distempa, uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wote, yaani wapatao 1,000. Tangu hapo wataalamu, akiwamo daktari wa mifugo Sarah Cleaveland, wamefanya kazi ya kuchanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mahali chanjo ilipofanyika vizuri, watu waliofika hospitali kwa kung'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua.

Kwa hiyo nyumbani tumejiwekea kanuni: idadi ya watoto tunaokubali wazaliwe isipite idadi tunayoweza kulisha na kuchanja. Majike hawatupwi. Asiyepata mwenyewe hubaki kwetu, na bwana mifugo humfunga uzazi. Gharama ipo, na mwaka wa ukame tunaihisi. Ndiyo maana hatuzalishi kila mwaka.

Mama msomaji, shika pia haya. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakisema bado wachanga. Shirika la Afya Duniani linashauri wapelekwe wote, hata walio chini ya miezi mitatu. Bwana mifugo atakueleza lini warudiwe. Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Lisipakwe majivu, mafuta wala pilipili. Chanjo ya binadamu si kila zahanati huwa nayo, kwa hiyo safari ianze mapema.

Siku ya kukabidhi

Wakifikisha majuma manane, watoto wako tayari kuondoka. Hatuwaachi mapema zaidi, hata mnunuzi akiwa na haraka, kwa maana mama na ndugu zao ndio wanaowafundisha kuuma kwa kiasi. Anayekuja tunamuuliza maswali machache. Atamlisha nini? Ana zizi au anataka tu mbwa wa kuogopesha watu? Yuko tayari kuchukua jike?

Wapo wanaokasirika na kusema, ni mbwa tu. Tunawajibu kwa upole kwamba kitabu cha Mithali, kinapomweleza mtu mwenye haki, kinamfuata mpaka kwa mnyama wake. Kisha tunampa kila mmoja mtoto wa mbwa na karatasi yenye tarehe tatu: ya kuzaliwa, ya dawa ya minyoo, na ya chanjo. Tarehe ya nne tunaiacha wazi. Hiyo ni ya chanjo ya mwaka unaofuata, na ataijaza mwenyewe.