Nyumba ya Wafuma Nguo Mjini Barcelona

Ndugu msomaji, bila shaka umemwona mwenye duka ambaye mbele huuza chumvi na vitambaa, na nyuma ya ukuta mkewe hupika na watoto wake hulala. Twende leo Barcelona, mji wa bandari katika nchi ya Hispania, tukaone nyumba ya mawe iliyojengwa kwa desturi hiyohiyo. Yaitwa Casa Calvet, maana yake Nyumba ya Calvet.

Jamaa ya Calvet walikuwa na kazi ya kufuma nguo. Wakamwita fundi mkuu Antoni Gaudí, naye akaijenga kati ya mwaka 1898 na 1900. Chini aliweka ghala na ofisi za biashara. Hata viti vya mbao vya ofisi alivibuni mwenyewe. Ghorofa ya kwanza ikawa maskani ya wenye nyumba, na za juu wakapangishwa watu wengine. Basi kwenda kazini ilikuwa kushuka ngazi tu.

Sasa tazama mlangoni. Nguzo zake zimechongwa mfano wa vijiti vya kuzungushia uzi. Matajiri wengi wakisha kujenga husahau kazi iliyowalisha. Hawa waliiweka mbele ya macho ya wapita njia. Juu yake kuna uyoga wa mawe, kwani yasemekana mzee Calvet alipenda sana kuchunguza uyoga. Na kileleni pana vichwa vitatu: Mtakatifu Petro Mfiadini, somo wa mzee huyo Pere Màrtir Calvet, na watakatifu wawili waitwao Genís, wasimamizi wa Vilassar, mji wa asili yao.

Kisha shika chuma cha kubishia hodi. Ni msalaba, na kila ukibisha, msalaba wamponda mdudu mchafu, mfano wa dhambi. Yaani mgeni, awe mnunuzi au mdai, aombwa kuacha uovu nje.

Baraza la mji liliipa nyumba hii zawadi ya jengo bora la mwaka 1900. Gaudí aliendelea kujenga kanisa la Sagrada Família, yaani Jamaa Takatifu, hata akagongwa na tramu mwaka 1926, akafa, akazikwa humo. Ofisi zile baadaye ziligeuzwa mkahawa, lakini nguzo za uzi zingali zimesimama.

Nawe je, msomaji? Nyumba yako hata ikiwa ya udongo, mgeni akifika mlangoni atajuaje kazi yenu na imani yenu?